Kibodi Isiyo na Kelele

Pale uwanja wa mnada dalali hakuwa na jina lingine ila Redio, na jina hilo hakupewa bure. Tangu afungue macho asubuhi mdomo wake ulikuwa haukai. Akinadi kabati, utadhani kabati lenyewe ndilo linakuomba ulichukue nyumbani. Alikuwa akikuuzia kiti kibovu unaondoka unacheka, ukifika kwako ndipo unagundua kina miguu mitatu, na wiki ijayo unarudi tena kumsikiliza. Mtu kama huyo, jamani, ndiye aliyeambiwa na daktari kwamba kikoromeo chake kina uvimbe mbaya na lazima kitolewe chote.

Kikatolewa. Akabaki na tundu shingoni la kupumulia, kitambaa chepesi cha kulifunika, na kimya. Kunong'ona hawezi. Hata kuguna, ambako kunawatosha wanaume wengine katika ndoa nzima, hakuweza.

Binti yake, aliyekuwa mhudumu wa maktaba, akamwekea programu ya kusoma maandishi kwenye kompyuta ndogo. Unachapa maneno yako, unabonyeza kitufe kikubwa cha pembeni, spika inayasema. Sauti yenyewe ilikuwa ya kijana mkavu asiyejua kucheka wala kukasirika, kama anayeita majina ya wagonjwa kwenye foleni. Wakambatiza Karani. Vitufe vya kompyuta ile vilikuwa vidogo mno kwa vidole vya mtu aliyebeba majokofu tangu ujana wake, kwa hiyo binti akaenda stoo ya mnada akaibuka na kibodi moja kuukuu, nzito kama tofali, herufi zimefutika nusu. Ilikuwa imetoka kwenye ofisi fulani iliyofungwa, na mara zote iliponadiwa hakuna aliyeitaka. Ukibonyeza kitufe kimoja, ka! Ukichapa sentensi, ni kama mtu anamimina maharage kwenye sinia la bati.

Redio aliichukia kutoka moyoni. Ilimuumiza viganja, ilimlazimu kuinua mikono kama anayepiga ngoma, na juu ya yote ilikuwa ya polepole. Au tuseme yeye ndiye alikuwa wa polepole, lakini nani angethubutu kumwambia? Ulimi wake ulikuwa umezoea kukimbia, na sasa ulikuwa ukiburuzwa nyuma ya vidole viwili. Mzaha ukichelewa si mzaha tena, na hilo aliligundua mezani kwake mwenyewe. Mkewe alikuwa anasimulia jinsi jirani alivyotumbukia kwenye shimo la maji machafu na suruali yake mpya. Redio akaona neno la kuchekesha pale pale, akainamia kibodi. Anachapa, anafuta, anachapa. Mke akamaliza habari ya shimo, akahamia kwenye msiba wa shangazi wa huyo huyo jirani, akafika mahali pa kusema kwamba wanamzika kesho asubuhi. Ndipo Karani akatamka, kwa utulivu wake wote: "Angalau sasa tumejua shimo lina kina gani."

Binti alipaliwa na chai. Redio alitamani ardhi ipasuke.

Lakini hayo yangekuwa ya kucheka tu, kama si habari iliyoletwa na dada yake mkubwa. Dada alitangaza kwamba Jumamosi familia itakaa sebuleni iamue nani atashika nyundo ya mnada. Kwa muda wote wa matibabu nyundo ilikuwa mikononi mwa shemeji, mdogo wake mke, mtu mwema, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi. Sasa ilikuwa inasemwa kwamba abaki nayo moja kwa moja. Uwanja ule Redio aliuanzisha na meza moja ya chuma. Akiukosa, angebaki nani? Mgonjwa wa kupewa uji kwa kijiko. Alijua akipata nafasi ya kusema, atawashinda wote. Hajawahi kushindwa kwa maneno tangu azaliwe. Kilichobaki ni kupata kibodi inayoweza kukimbia naye.

Basi hapo ndipo alipopatwa na wazimu wa kibodi. Hakulala vizuri, hakula vizuri, hakukaa mahali pamoja. Asubuhi yuko kwa fundi wa kompyuta, mchana karudi, jioni anagonga tena mlango. Kibanda cha fundi kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya kinyozi na duka la fotokopi, na nyaya zilining'inia darini mpaka mteja mrefu alilazimika kuingia ameinama. Redio alikuwa akikaa kwenye kigoda, anawekewa kibodi mapajani, na kila moja aliijaribu kwa maneno yale yale: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imeuzwa.

Akajaribu moja ya mpira, inayokunjwa kama mkeka; ikamkunjikia katikati ya sentensi. Akajaribu moja iliyokatwa katikati, nusu kulia nusu kushoto. Mkono wa kushoto ukawa haujui wa kulia umefika wapi. Akajaribu moja yenye taa za rangi zote, akasahau alichotaka kusema. Hii vitufe vyake vigumu, ile vimesongamana, nyingine nafasi ya kiganja hakuna. Aliondoka nayo leo, akairudisha kesho, uso umekunjamana.

"Mzee wangu," fundi akamwambia, "wewe unatafuta kibodi au unatafuta mke?"

Redio akachapa haraka haraka, na Karani akajibu: "Mke ninaye. Ndiye anayenisemea. Ndiyo maana natafuta kibodi."

Fundi akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kisha akaingiza mkono nyuma ya rafu, akatoa boksi moja ambalo hakuwa amelifungua. Ndani mlikuwa na kibodi nyembamba, imeinuka kidogo katikati ili mikono ilale ilivyozoea, na mbele yake pana mto laini wa viganja. Redio akaweka vidole. Lo! Vitufe vilizama kama ndizi mbivu na kurudi vyenyewe. Hakuna kishindo, hakuna ka, hakuna chochote. Maneno yalitiririka kwenye skrini kabla hata hajamaliza kuyawaza.

"Hii hata mtoto aliyelala haimwamshi," fundi akasema kwa fahari.

Redio alirudi nyumbani moyo mweupe, kibodi kifuani. Lile tofali akalisukumia uvunguni mwa kitanda na kuliombea lisionekane tena. Kuanzia hapo akawa anajizoeza kutwa. Binti alimfundisha kutumia vidole vyote kumi, na mzee akajifunza kwa hasira, akikosea anajipiga paja. Maumivu ya viganja yakaisha. Kasi ikapanda. Wallahi alikuwa anajivunia, na nani angemlaumu?

Ila nyumba ilikuwa imebadilika, na yeye hakuelewa kwa nini. Mkewe alikuwa anaanza kumsimulia jambo, Redio anainama kujibu, akiinua kichwa mke keshatoka chumbani. Au Karani anatamka, na mke anaruka kwa kushtuka, mkono kifuani, "Mama wee!" kama aliyesemeshwa na ukuta. Siku nyingine walikaa pamoja jioni nzima, yeye akichapa kwa raha, na mke akaishia kuzungumza na ufumaji wake. Redio aliumia. Alijiambia, ameshanichoka huyu. Ameshazoea kunisemea, sasa mwenyewe nikisema anaona namwingilia. Akazidisha mazoezi. Jumamosi, alijiambia, Jumamosi watanijua.

Jumamosi ikafika. Dada mkubwa alikalia kiti cha katikati; mwanamke yule ukitazamwa naye unajikuta umenyoosha mgongo. Shemeji alikaa ukingoni mwa kochi kama anayesubiri kufukuzwa. Mke na binti walileta chai. Redio akawa kwenye kochi la pembeni, kompyuta kwenye kijimeza, kibodi yake laini magotini, shingo ameiinamisha ili aone anachochapa.

"Mimi sikuitaka nyundo," shemeji akaanza. "Lakini jamani, mnada ni mdomo. Bei haipandishwi kwa kunyamaza."

Redio alishapata jibu. Angeweza kuandika "Hapana" akabonyeza, yakaisha. Lakini Redio na "hapana" tupu wapi na wapi! Alitaka kusema kitu kitakachokaa. Akachapa: Na mdomo uliokufundisha wewe kunadi, shemeji yangu, ulikuwa wa nani? Kabla hajafika mwisho, dada akawa ameingia kwenye habari ya vumbi la uwanjani, jinsi litakavyomwingia kwenye tundu la shingo. Jibu likawa limepitwa. Akafuta. Akaanza la vumbi. Vidole vilikimbia, vizuri mno, kimya kimya, na pua ikitoka jasho. Akiwa katikati, mkewe akashusha pumzi.

"Mume wangu amechoka," alisema. "Hasemi, lakini mimi namjua. Hebu mwangalieni."

Wakamwangalia. Waliona mzee ameinamisha kichwa, macho yameelekea magotini, hatazami mtu. Naye hakuwaona wakimtazama, kwa sababu alikuwa amefuta la vumbi na sasa anaandika hotuba yenyewe, yote, tangu ile meza ya chuma, na ilikuwa nzuri, nzuri kuliko chochote alichowahi kunadi. Sentensi moja tu imebaki.

"Mdogo wangu kanyamaza," dada mkubwa akasema. "Basi amekubali. Tusimsumbue zaidi. Shemeji, mnada ujao nyundo ni yako."

Wakasimama. Viti vikaburuzwa, vikombe vikagongana, mke na binti wakawasindikiza wageni hadi nje ya geti. Redio akaweka nukta ya mwisho na kubonyeza kitufe kikubwa. Karani akaisoma hotuba yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa ufasaha, akivihutubia vikombe na sahani ya biskuti.

Aliposikia neno la mwisho linaisha, Redio alibaki amekaa. Halafu hasira zikampanda toka unyayoni. Akaitupa kibodi laini kwenye kochi. Akaenda chumbani, akapiga magoti, akalivuta lile tofali uvunguni na vumbi lake, akalichomeka kwenye kompyuta na kulitua juu ya meza, pu! Kama hawatanisikia wao, basi nitajisikia mwenyewe. Akaanza kupiga. Ka-ka-ka-ka! Ka-ka! Ka-ka-ka-ka-ka! Alitukana, alilalamika, aliwataja mmoja mmoja. Mkewe alikuwa amerudi na kuingia jikoni kuosha vikombe.

"Usinipigie makelele!" sauti yake ikatoka kule. "Na mimi nina mdomo!"

Redio akaendelea. Ka-ka-ka!

"Nakusikia, umekasirika! Haya, sema. Nangoja."

Akatokea mlangoni na povu la sabuni mikononi, akasimama, akamkazia macho. Hakuondoka. Hakuendelea na habari nyingine. Alingoja. Vidole vya Redio vikasita juu ya vitufe. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu alipomngoja hivi. Akafuta matusi yote, akaandika kidogo, akabonyeza.

"Kwa nini unangoja?" Karani akauliza.

"Unaniuliza kwa nini? Si ulikuwa unasema?"

"Na sebuleni nilikuwa nasema."

"Sebuleni ulinyamaza, wewe mzee! Umekaa umeinama kama mtoto aliyechapwa. Nilikuangalia mpaka nikaona uchungu."

Redio akanyoosha kidole kwenye kochi, ile kibodi nyembamba imelala chali. Kisha akalipiga tofali kitufe kimoja. Ka. Akamtazama mkewe. Mke akaangalia kochi, akaangalia meza, na povu likawa linamdondokea miguuni bila yeye kujua.

"Kumbe," alisema taratibu. Akavuta kiti na kukaa. "Mwenzangu, nikwambie ukweli? Hili tofali lako lilikuwa linaniumiza masikio, lakini nikiwa jikoni nikilisikia nilijua unakuja na neno, na nilikuwa nakusubiri. Ukipiga polepole najua unaleta mzaha. Ukipiga kama sasa hivi, najua ni ugomvi, naandaa wangu. Ulipoleta hicho kidude cha kimya, nyumba ikawa kama ya mjane. Nageuka, nakuona. Nasikiliza, hakuna mtu. Nikadhani umeninunia. Nikasema basi, kachoka na mimi, kachoka na kila kitu, wacha apumzike. Ndiyo maana nikasema vile."

Alikuwa analia, na hakujificha. Redio alitaka kusema mengi. Safari hii hakukimbia. Alichapa herufi moja moja, naye mke akisikiliza kila moja.

"Sikununa," Karani akasema. "Nilikuwa naongea siku zote hizi."

"Sasa nimejua."

"Mwambie dada. Mwambie sikukubali."

"Thubutu!" Mke akasimama, akajifuta macho kwa kiwiko. "Nimekusemea mpaka nimeyapotosha maneno yako. Sikusemei tena. Siku ya mnada utakwenda mwenyewe, ukaseme mwenyewe, na hilo tofali lako."

Siku ya mnada Redio alifika uwanjani na kukuta ardhi imelowa. Mkewe alikuwa ametangulia na ndoo, amemwagia maji kuanzia getini mpaka chini ya paa la mabati, na gauni lake limeloa hadi magotini. "Vumbi nimelimaliza," alimwambia. "Lililobaki ni lako." Binti akamuunganishia kompyuta na spika kubwa za uwanja. Redio akakaa nyuma ya ile meza yake ya kwanza, akaitua kibodi nzito juu ya chuma. Je, wasiponyamaza? Aliyemngoja nyumbani ni mkewe, anamjua. Hawa ni watu wa mnada, kelele zao zinafika barabarani. Wangeweza kumpita hivi hivi, wakamwacha na tofali lake mbele ya kila mtu.

Shemeji alikuwa amepanda jukwaani na nyundo. Dada mkubwa alikaa mstari wa mbele kushuhudia makabidhiano. Kitu cha kwanza kilikuwa kabati la milango mitatu, na waliolitaka walikuwa wawili: mama mmoja mshonaji, na bwana mwenye nyumba ya wageni. Bei ilipanda kidogo, ikakwama. Watu wakaanza kupiga soga. Shemeji akakohoa.

"Mara ya kwanza," alisema. "Mara ya pili..."

Ka-ka-ka-ka!

Chuma cha meza kilikuza mlio ule ukasikika mpaka getini. Vichwa vikageuka. Nyundo ya shemeji ikaganda hewani. Alitazama nyuma, akamwona Redio ameinama, vidole vinafanya kazi, na huyo mtu mpole akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma.

"Subirini kidogo," aliwaambia watu. "Redio anasema."

Uwanja ukatulia. Soga zikakatika moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ile ka, ka, ka peke yake. Redio aliusikia utulivu huo na ngozi ikamsisimka. Tangu atolewe kikoromeo alikuwa anakimbizana na watu. Sasa walikuwa wamesimama, wanamngoja yeye, na hakuwa na haraka hata chembe. Akapunguza mwendo. Ka. Akainua kidole juu, akakiacha hapo, kama zamani alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Watu wakanyoosha shingo. Ka.

"Kabati hili lina milango mitatu," Karani akatangaza kwa sauti yake kavu. "Wa kwanza wa nguo. Wa pili wa siri. Wa tatu ni wa kuingilia mwenyewe, mkeo akiuliza jana ulikuwa wapi."

Walicheka mpaka mabati yakatetemeka, na ukavu wa Karani ukazidi kuwachekesha. Bwana wa nyumba ya wageni akainua mkono, akaongeza. Ka-ka-ka, Redio akaanza tena, na mama mshonaji, hata kabla Karani hajafungua kinywa, akapiga kelele, "Naongeza! Naongeza, asiseme kitu kwanza!" Kicheko kikalipuka upya. Kabati likamwendea mama mshonaji kwa bei ambayo shemeji hakuiota.

Shemeji akashuka jukwaani. Alikuja hadi mezani, akailaza nyundo pembeni ya kibodi, upande wa mkono wa kulia.

"Mimi nitaita bei," alisema. "Kugonga ugonge mwenyewe. Na uniwie radhi, shemeji. Sikujua kama ulikuwa na neno."

Dada mkubwa naye alikuwa amesimama, anapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Watu walikuwa wanapiga makofi, wanaitana, wengine wameshaanza kukagua majokofu. Redio aliitazama nyundo. Kisha akairudisha mikono yake kwenye vitufe na kuanza kuchapa, pole pole, na mlio wake ukawa unamezwa na vifijo.

Nyuma ya umati, mwanamke mwenye gauni lililoloa magotini akainua mkono juu.

"Kimya jamani!" alipaza sauti. "Hajamaliza."